Matundu Mawili

Mpunga unapoanza kutia maziwa, nyumba nyingi hapa Ifakara hubaki na wazee na kuku tu. Wenye nguvu huhamia mashambani, huko bondeni kwa Mto Kilombero, kwenda kuamia ndege. Hujengwa dungu, yaani kichanja cha miti chenye paa la nyasi, na juu yake hukaa mtu tangu alfajiri hadi jua kuzama, akipiga debe na kurusha madongo kwa kombeo. Kazi hiyo, msomaji, haitaki misuli. Inataka macho na masikio.

Msimu wa mwaka 2017 nilimkabidhi mjukuu wangu kazi hiyo. Siku ya tatu nilimkuta ameketi dunguni, hedifoni masikioni, kichwa kikitikisika, na kwelea kwelea wameshuka upande wa pili wa shamba kama mchanga uliomwagwa. Nilimwita mara nne. Jirani wa shamba la pili alisikia, yeye hakusikia. Nilipanda ngazi, nikamvua vile vidude, nikamkaripia kama anavyojua kukaripia mtu aliyekuwa mwalimu mkuu.

Hasira yangu ilikuwa na asili yake. Nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973 nilidunduliza mishahara ya mwanzo nikanunua redio ya betri, nikaitundika kwenye dungu la baba. Tuliyoitegemea ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda kurekodi katika studio yake, nasi huku tukasubiri zipigwe. Ukitaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe, aliyetamba na Morogoro Jazz, ulisubiri; wimbo ukipita, umepita. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata uhai wa nusu saa. Sauti ilivuka juu ya mpunga, na kutoka madungu ya jirani mtu akapaza: “Mwalimu, ongeza!” Dungu la tatu lilikuwa la kwao binti mmoja ambaye baadaye nilimwoa. Nikiri kwamba mara nyingi niliongeza kabla sijaombwa.

Wala nisiwapake mafuta wenye redio. Tulikuwa madikteta wadogo. Tulichochagua sisi, kijiji kizima kilisikia, pamoja na mgonjwa na mtoto aliyekuwa akijaribu kulala.

Kaseti zilikuja, na kalamu ya kuzirudisha utepe ukitoka. Kule Japani, kampuni ya Sony ilianza kuuza Walkman mwezi Julai mwaka 1979. Jambo moja kuhusu chombo kile cha kwanza limenikaa moyoni: kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kupunguza muziki ili waweze kusemezana. Akio Morita, mkubwa wa kampuni hiyo, aliona si adabu mtu kujifungia peke yake na muziki. Wanunuzi hawakujali. Baada ya muda tundu la pili likaondolewa.

Kisha ikaja MP3, namna ya kuhifadhi sauti kwa kutupa zile sehemu ambazo sikio halizitambui, hata wimbo ukabaki takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa awali. Kampuni ya Apple ilitoa iPod mwezi Oktoba 2001 ikitangaza nyimbo 1,000 mfukoni, na mwaka 2022 ikasitisha kuitengeneza. Mimi sikuwahi kuishika hata moja. Kilichotufikia sisi ni simu za bei nafuu zenye kadi ya memori, ndogo kuliko ukucha, na kibanda karibu na soko ambamo kijana mwenye kompyuta hukuingizia nyimbo kwa malipo.

Mwaka uliofuata nami nilikwenda kwenye kibanda hicho. Kijana aliniwekea zaidi ya nyimbo 200 za zamani: Mbaraka, Cuban Marimba, NUTA Jazz. Zile nilizokuwa nikizisubiri kwa majuma sasa nilizikatisha katikati, nikabonyeza kutafuta nyingine. Sikujielewa. Lakini nilizivaa hedifoni kila alasiri chini ya mwembe, nikafumba macho.

Alasiri moja mtoto wa jirani alinivuta mkono wa shati. Mke wangu alikuwa ameteleza nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji, mkono umevunjika juu ya kiganja. Mwembe na pale alipoanguka hapafiki hatua 30.

“Mwalimu, nimekuita mpaka nimechoka,” alisema. Hakusema zaidi.

Mjukuu alikuja jioni. Nilisubiri anikumbushe habari za kwelea kwelea. Alimsaidia bibi yake kunywa uji, akasalimu, akaondoka. Ningependa angesema.

Hedifoni nilizitia kwenye droo. Simu ile ina spika yake, kijisauti chembamba kama cha nzi ndani ya chupa, nasi tuliiweka mezani majuma yote ambayo mkono wake ulikuwa umefungwa plasta. Kuna wimbo mmoja ambao mimi ninasema tuliusikia kwa mara ya kwanza mashambani, mwaka ule wa redio yangu. Yeye anasema sivyo, wimbo huo ulipigwa mwaka mmoja baadaye, na kwamba kule dunguni redio yangu ilikuwa ikikwaruza tu, wala hakuna aliyesikia neno.

“Mbona mlikuwa mnaniambia niongeze?” nilimuuliza.

“Walikuwa kaka zangu hao,” alisema. “Rudisha mwanzo, nisikilize vizuri.”