Motokari Chini ya Mwembe

Wengi wetu twajua bei ya kitu siku ya kukinunua. Ni wachache wajuao bei yake siku ya kukiuza. Nataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi ndugu wawili hapa Kolwezi, upande ule ambako mabaki ya madini ya Kingamyambo hayako mbali na nyumba zetu. Silisimulii ili kumcheka mdogo wangu, maana kosa lililo kubwa zaidi lilikuwa langu.

Mwaka 2018 kobalti ilipanda bei kupita kiasi. Katika miezi ya Machi na Aprili tani moja iliuzwa zaidi ya dola 90,000 katika masoko ya dunia. Mdogo wangu alikuwa akinunua na kuuza mawe ya madini, akapata fedha ambazo baba yetu, mtumishi wa mgodi maisha yake yote, hakuzishika hata siku moja. Akaagiza kutoka Japani motokari ya mbio, ya milango miwili, nyekundu, ya chini sana kama mjusi. Ilikuwa na umri wa miaka 9. Pamoja na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam, safari ya barabara kupitia Zambia na Kasumbalesa, na ushuru, ilimgharimu dola 14,000. Alipungukiwa na dola 3,000. Nikamkopesha mimi, fedha nilizokuwa nimeziweka ili kuezeka nyumba yangu.

Siku ilipofika, watoto wa mtaa mzima waliizunguka. Mdogo wangu akaniita, “Yaya, panda!” Nikapanda. Sitawadanganya: nilifurahi. Mwalimu mzee kama mimi, niliyekwenda shuleni kwa miguu miaka yote, nilijiona mtu mkubwa.

Lakini kufika Machi 2019 tani ya kobalti ilikuwa imeanguka karibu na dola 30,000. Biashara ya mdogo wangu ikasimama. Akaja kwangu jioni moja, akasema, “Yaya, kuna mtu wa Likasi anatoa 8,000 kwa ile motokari. Nimpe?”

Nikamjibu bila kufikiri, “Uliinunua 14,000. Utakubalije kupoteza 6,000 kwa mwaka mmoja tu? Ngoja kwanza. Bei itarudi.”

Naye akafarijika. Akanyosha mkono upande wa Kingamyambo, akasema, “Kweli, Yaya. Hata yale mabaki yalikuwa takataka, na leo ni mali.”

Neno hilo lilitupendeza sote wawili, maana lilionekana kuwa la hekima. Nanyi mliokaa huku mwalijua. Miaka mingi, wakati wa Union Minière na baadaye wakati wa Gécamines, mawe yalisagwa, shaba ikatolewa, na tope lililobaki likamwagwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Hakuna aliyelitamani. Kisha ufundi mpya ukaja, kobalti ikatakiwa kwa ajili ya betri, na mwaka 2018 kampuni ya Metalkol ikaanza kutoa shaba na kobalti katika tope lile lile. Basi sisi tukadhani motokari nayo yaweza kungoja hivyo.

Tukaiweka chini ya mwembe. Mwaka 2020 betri ikafa, tukanunua nyingine. Mipira ya magurudumu ikapasuka kwa jua, ingawa gari lilikuwa limesimama. Mvua za Novemba zikaingia kwa mlango mmoja, panya wakakata nyaya. Hesabu ya matengenezo hayo ilifika dola 1,100. Mwaka 2021 mtu mwingine alikuja akatoa 5,000. Tukakataa tena, kwa kuwa sasa tulikumbuka zile 8,000.

Mwaka huo huo binti ya mdogo wangu alimaliza shule ya sekondari, naye alikuwa ameandaliwa nafasi ya kusoma Lubumbashi, katika chuo kikuu. Fedha hazikuwapo. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Nilikuwa nikimwona asubuhi akifagia majani ya mwembe juu ya motokari ile, naye hakusema neno. Mwaka 2022 tuliiuza kwa dola 2,600. Aliyeinunua hakutaka hata kuiendesha. Alitaka vyuma vyake.

Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee mwenye garasi karibu na barabara ya Likasi, nikamwuliza, “Kwa nini gari zuri hivyo limeanguka bei, na ile pikapu ya jirani yangu, iliyo mzee kuliko hiyo, bado yauzwa vizuri?”

Akacheka, akaniambia, “Mwalimu, gari la mbio huzeeka kwa bei, lakini haliwi maskini kwa matumizi. Likiwa jipya liliuzwa kama la tajiri. Leo laweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Lakini breki zake, mipira yake na esansi yake ni vya tajiri bado. Mnunuzi ajua hayo, kwa hiyo ayatoa katika bei kabla hajafungua mkoba.”

Akaendelea kunionyesha mambo mengine. Pikapu ina wanunuzi wengi: mchuuzi wa makala, mwuza unga, mwenye shamba. Gari la watu wawili lina wanunuzi wachache, nao wale wachache hutaka lile jipya lenye nguvu zaidi, lililotoka mwaka huu. Tena gari la chini lafanya nini katika barabara zetu, penye vumbi, matuta, na malori ya shaba? Hata huko Japani, alisema, gari linalopita miaka 3 hapana budi lipitie ukaguzi mkali, na baadaye kila miaka 2. Gharama zake huwafanya wengi waliuze mapema. Nasi huona bei ndogo, tukidhani tumeokota.

Jambo moja zaidi nilikuja kulisoma baadaye. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alisema kwamba mwenye kuuza anajua ubovu uliofichika, mwenye kununua haujui. Basi mnunuzi, kwa kuogopa, hupunguza bei ya magari yote, mazuri na mabaya. Na ni gari gani litiwalo mashaka zaidi kuliko lile lililoundwa ili likimbizwe? Kila mmoja hujiuliza: aliyetangulia alilitesa namna gani?

Msomaji mmoja ataniuliza, “Lakini hayapo magari ya mbio yaliyopanda bei?” Yapo. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Mwaka 2018, katika mnada huko Monterey, California, moja yao iliuzwa zaidi ya dola milioni 48. Lakini tazameni sababu zake: ni chache sana, zilishinda mashindano makubwa, na hakuna atakayeziunda tena. Gari la mdogo wangu liliundwa kwa maelfu, nalo halikushinda kitu chochote ila macho ya watoto wa mtaa wetu.

Hapo ndipo nilipoona pia kosa la lile neno letu juu ya Kingamyambo. Tope lile lilingoja miaka mingi bila kula chochote. Halidai betri wala ushuru. Mvua ikinyesha juu yake, shaba ni ile ile, haiozi. Lilikuwa na mali ndani tangu mwanzo. Mtu wa kuitoa ndiye aliyekosekana. Lakini motokari yala kila mwezi, hata ikiwa imelala, na kilichomo ndani yake hupungua kila siku. Si kila kitu kilichotupwa kitarudi kuwa mali.

Kisha nikafanya hesabu kama nilivyowafundisha watoto. Tungekubali zile 8,000, tungekuwa na 8,000. Tulingoja miaka 3, tukapata 2,600, tukatoa matengenezo 1,100, zikabaki 1,500. Basi kungoja kwenyewe kulitupotezea dola 6,500, kuliko hasara ile ya kwanza tuliyoiogopa. Na mwaka mmoja wa msichana hauandikiki katika hesabu hiyo.

Zile 14,000 zilikwisha kwenda siku ile ile ziliponunua. Hazikuwa ndani ya gari tena. Lakini mimi nilikuwa nikiziona bado zimekaa pale chini ya mwembe, nikamshauri mdogo wangu azilinde. Mwenye kuuza yafaa asijiulize, “Nilitoa ngapi?” Ajiulize, “Nikingoja mpaka mwakani, kitu hiki kitakuwa na thamani gani, na kitakuwa kimekula ngapi?”

Siku aliyopokea zile 2,600 mdogo wangu alikuja na bahasha. Alitaka kuanza kunilipa deni langu. Nikairudisha mkononi mwake, nikamwambia, “Peleka Lubumbashi, akaandikishwe. Zile 3,000 usinirudishie. Ni karo yangu mimi, maana nami nilikuwa shuleni.”

Binti alikwenda, naye yuaendelea vizuri. Mdogo wangu sasa ana pikapu ya zamani, yenye kutu kidogo mlangoni, achukuayo unga na makala. Hakuna mtoto aizungukaye. Nyumba yangu yavuja bado upande mmoja. Na chini ya mwembe pana doa jeusi la mafuta ambapo majani hayajaota mpaka leo. Nikipita hapo nikiwa na mtu anayetaka kununua kitu kikubwa, namsimamisha kidogo, namwonyesha.