Baridi Itokayo Chini

Ndugu wasomaji wa Masasi na Newala, baridi ya mwezi wa Juni na Julai mnaijua. Kusi ivumapo juu ya uwanda wa Makonde, kila mtu hutafuta moto. Lakini wako wasioweza kuukaribia, nao ni wagonjwa walalao machelani.

Zamani, tungali vijana, tulimchukua mjomba wetu kutoka upande wa Newala kwenda hospitali ya Lulindi, ile ile aliyofika Dk. Leader Stirling mwaka 1935 kuwatibu watu. Mjomba alikuwa amevunjika mfupa wa paja, na kila tulipomwinua alilia. Usiku ukatukuta njiani. Basi hatukumshusha, tukauweka mti wa machela katika panda za mikorosho miwili. Tukamfunika mablanketi yetu yote matatu, kisha tukaota moto, tukijisifu kwa ukarimu wetu.

Hata usiku wa manane tukasikia meno yake yakigongana. Tukataka kumwongezea nguo juu. Akasema kwa sauti ndogo, "Wapwa zangu, juu sina baridi. Inanijia mgongoni." Tukatia mkono chini ya machela, tukaona nguo ni baridi kama jiwe la kisimani.

Ndipo tulipofahamu. Blanketi halina moto wake lenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa iliyopata joto la mwili, isiondoke. Mtu akililalia hulibana, hewa ikatoka. Na kwa kuwa machela inaning'inia, upepo hupita chini yake na kulichukua joto lile. Basi tukaondoa mablanketi mawili, tukayafunga kwa kamba chini ya machela, yakilegea kidogo yasibanwe, na katikati tukajaza majani makavu. Tukasimamisha matawi upande wa upepo, tukamnywesha uji wa moto. Moto wenyewe hatukuuweka chini yake, maana cheche moja ingetosha kumwunguza. Kabla ya alfajiri alikuwa amelala.

Mjomba alifika Lulindi akiwa hai, na baadaye akatembea tena kwa fimbo. Nasi tukaona haya, kwa maana tulimfunika pale macho yetu yalipoona, wala hatukumwuliza baridi inamwingilia wapi. Tangu usiku ule, tukienda kumsaidia mtu, kwanza twamwuliza mwenyewe.