Safari ya Maneromango na Habari ya Fimbo ya Mjomba

Mwezi huu nataka kuwasimulia habari ya safari yangu ya Maneromango, katika nchi ya Uzaramo. Nilikwenda huko kwa ajili ya fimbo moja tu. Labda wengine watacheka na kusema, "Mtu mzima afunge safari kwa kipande cha mti!" Walakini someni hata mwisho, ndipo mcheke.

Tangu Dar es Salaam njia yapanda Pugu, penye vilima vya msitu na udongo mweupe wa kaolini. Hapo Pugu Wabenediktini walianza misheni yao mwaka 1888, nayo ikavunjwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri na Wadachi. Mbele ya Pugu ni Kisarawe, ambapo Walutheri walifungua misheni mwaka 1892. Ukipita Kisarawe unaingia katika mashamba ya mihogo na mikorosho, na miembe mikubwa inaonyesha mahali palipokuwa na miji ya wazee. Hata ufikapo Maneromango, utaona kituo kilichofunguliwa mwaka 1895. Nchi hii ina sifa nyingine tena, ni nchi ya wachongaji. Wakamba wa Wamunyu, katika Kenya, ambao vinyago vyao vimeenea duniani, humtaja Mutisya wa Munge, aliyefika huku wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, kisha akarudi kuwafundisha wenziwe.

Sasa nitasema kwa nini nilikwenda, nami nasema kwa haya. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mkubwa wake. Mjomba wangu alikuwa na fimbo ya mpingo aliyoirithi kwa mjomba wake yeye. Juu yake palichongwa mwana hiti, ndicho kile kisanamu kidogo kisicho na mikono wala miguu, chenye vishungu viwili vya nywele, ambacho Wazaramo humpa mwali akiwa ndani. Mimi nilipobatizwa nilikuwa kijana, na moyo wangu ulikuwa moto sana. Siku moja mjomba alikuwa shambani, nikaichukua fimbo ile nikaitia motoni, nikidhani nimevunja sanamu kama Gideoni. Hapana mwalimu aliyeniagiza. Wala sikuuliza kama kuna mtu aliyeisujudia, na kwa kweli hapakuwa na mtu. Ilikuwa fimbo ya mzee, na ukumbusho wa wafu wake.

Mjomba aliporudi aliyatazama majivu, asinipige wala asinitukane. Tangu siku ile aliitika shikamoo yangu kama desturi, lakini hakunituma tena. Ninyi mnajua maana yake. Mzee akikutuma maji, au moto, au salamu kwa jirani, wewe ni mtoto wake. Asipokutuma, wewe ni mgeni. Nimekuwa mgeni katika mji wa mjomba wangu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu nikasikia kwamba mguu wake umekuwa dhaifu, naye anatembea kwa kushika ukuta. Usingizi ukanipotea. Nikaona kununua fimbo sokoni hakufai, maana niliyoiharibu kwa mkono wangu imenipasa kuilipa kwa mkono wangu.

Basi nikamwendea fundi mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, akaaye nje kidogo ya Maneromango. Nilipomweleza haja yangu, alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umeleta kipimo?" Nikampa uzi niliopewa na binamu yangu, aliyempima mjomba tangu kifundo cha mkono hata ardhini, akiwa amesimama na viatu vyake. Fundi akafurahi, akasema, "Fimbo ndefu humchosha mzee bega, na fupi humwinamisha. Sasa chagua mti."

Akanionyesha matawi yaliyolazwa darini. Hakukata mti mzima, bali aliokota matawi yaliyobaki katika shamba lililofyekwa kwa kibali, akayapaka nta kwenye ncha ili yasipasuke, akayaacha yakauke kivulini miezi mingi. Akanieleza kwamba mpingo hukua polepole mno, na kufikia unene wa kupasuliwa mbao huchukua miaka 70 hata 100. Ni mzito hata huzama majini, na Wazungu hutengenezea zumari zao ziitwazo klarineti. Nje ni mweupe wa manjano, na kiini chake ni cheusi. Nikachagua tawi lenye kifundo kama ngumi mwisho wake. Katikati lilikuwa na kombo kidogo, lakini nikadhani nitalinyosha.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza hutolewa gamba kwa tezo, kwa mapigo madogo madogo. Kisha huondolewa ule weupe mpaka weusi uonekane, na fundi hodari huacha ukanda mwembamba wa weupe uzunguke fimbo kama nyoka juu ya mti, uwe pambo. Tezo na patasi huisha makali upesi, hata tulikuwa tukinoa mara kwa mara juu ya kinoo chenye maji. Vumbi la mpingo lawasha pua na ngozi, kwa hiyo tulikaa nje chini ya mwembe, tumejifunga vitambaa puani. Patasi hufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume chake, mti hubanduka vibaya.

Hilo la mwisho nililijua siku ya pili. Lile kombo lilinichukiza, nikataka fimbo yangu inyoke kama rula ya shuleni. Fundi alikwenda kisimani, nami nikaipiga patasi kwa nguvu, ikateleza, ikachimba jeraha refu karibu na shingo ya fimbo. Nikaketi na fimbo magotini, nikayakumbuka yale majivu. Fundi aliporudi alitazama, asinikemee. Akasema, "Mwalimu, umegombana na mti. Mti huu ulipinda kwa kuutafuta mwanga, ukaishi. Kombo hili halimzuii mzee kutembea." Nikamwuliza kama tuchukue tawi jingine. Akasema, "La. Kovu hili usilifiche, ulipe wenzake." Akachora kwa kisu mistari ya pembe tatu kuizunguka shingo yote, na jeraha langu likawa mstari wa kwanza. Siku mbili nikaichonga mistari ile, na vidole vyangu vikatoka malengelenge.

Baada ya patasi huja tupa, na baada ya tupa huja msasa. Wengi siku hizi wajua msasa wa karatasi tu, lakini jina hilo ni la mti ambao majani yake yakwaruza kama ulimi wa paka, na yule mzee huyatumia hata leo. Hung'arisha kwa majani hayo, halafu kwa nta ya nyuki na kitambaa, mpaka weusi ule uwe kama maji ya usiku. Mwisho chini hutiwa kipete cha shaba, mti usichanike kwa kugonga njia.

Palibaki kichwa. Niliwaza sana. Nikichonga mwana hiti, je, nitakuwa nimerudia ya kale? Nikichonga msalaba, mjomba si Mkristo, husali msikitini, naye ataona nimemletea mahubiri badala ya malipo. Nikamwomba fundi shauri. Akasema, "Fimbo ni ya nani? Mwachie mwenyewe." Basi nikakilainisha kile kifundo kama kilivyoumbwa na Mungu, nikakiacha wazi.

Siku ya saba nikafika kwa mjomba, alikuwa ameketi barazani. Nikasema, "Shikamoo, mjomba." Akajibu, "Marahaba." Nikapiga magoti, nikaiweka fimbo miguuni pake, nikasema, "Mjomba, nilichoma fimbo yako. Nilikosa mbele ya Mungu na mbele yako. Hii nimeichonga mwenyewe, wala si ile." Hakusema neno. Aliipapasa tangu chini hata juu, kidole chake kikakaa juu ya lile jeraha, kikapita. Alipofika kichwani akauliza, "Mbona haina uso?"

Nikamjibu, "Uso ule niliuchoma, mjomba. Sina haki ya kubuni mwingine."

Akakaa kitambo kirefu, hata kuku wakarudi kubanja chini ya baraza. Kisha akaishika fimbo, akasimama. Akapiga hatua mbili, tatu, mpaka penye mwembe, akarudi, akaketi. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alifuta jasho, akanitazama, akasema, "Mwanangu, nenda kanichotee maji mtungini."

Wapenzi, nimeketi mbele ya wakubwa wengi, lakini sijapata kutumwa kazi yenye heshima kama ile.

Mwajua kwamba fimbo yatajwa mara nyingi katika Maandiko. Musa alikuwa nayo, na Yakobo mzee aliiegemea alipomwabudu Mungu, na Bwana wetu aliwaruhusu mitume waichukue njiani hata alipowakataza mkate na fedha. Tusiipokonye basi mikononi mwa wazee wetu, tukidhani tunamtumikia Mungu. Na kama mmoja wenu amekwisha kuipokonya, kwa tendo au kwa neno la dharau, asingoje mguu wa mzee uwe dhaifu kama nilivyongoja mimi. Aondoke leo.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo, mwalimu wa kanisa.