Lugha tatu katika nyumba moja Barcelona

Mgeni anayewasili Barcelona akidhani ameingia mji wa Kihispania hushangaa akiwa bado ndani ya treni ya chini ya ardhi. Vituo hutangazwa kwa Kikatalani, vibao vya barabarani ni vya Kikatalani, na shuleni sehemu kubwa ya masomo hufundishwa kwa lugha hiyo hiyo ya jimbo la Catalonia. Kihispania mtoto hukiokota uwanjani, dukani na kwenye televisheni.

Tulihamia huko kwa ajili ya kazi, binti yetu akiwa na umri wa miaka minne. Tulihofia hizo lugha mbili ngeni. Kumbe! Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akigombana na watoto wa jirani kwa Kihispania na kuimba kwa Kikatalani akioga. Kilichokuwa kikipotea ni Kiswahili.

Jumapili moja nyanya yake alipiga simu kutoka Malindi. "Hujambo, mjukuu wangu?" Mtoto akanikodolea macho, akajibu kwa Kihispania, kisha akanirudishia simu na kukimbia.

"Mumempeleka wapi mtoto wangu?" nyanya akauliza. Nilikosa la kumjibu.

Kosa lilikuwa letu. Kila alipotujibu Kihispania, nasi tulimfuata huko huko, tukijisifu kwamba tunajifunza. Baadaye nikajaribu amri: asiyesema Kiswahili hali. Amri hiyo ilizaa vilio tu, na mama yake akaifuta siku ya pili.

Aliyetufungua macho ni ajuza wa ghorofa ya chini. Yeye alisoma enzi za Jenerali Franco, aliyetawala Hispania tangu 1939 hadi 1975, wakati Kikatalani kilipofukuzwa shuleni na maofisini. Alikipata jikoni kwa mamake, na mpaka leo akikiandika hukosea herufi. "Mama hakunifundisha," alituambia. "Alinituma chumvi."

Basi tukaanza kumtuma. Jumamosi ilikuwa siku ya soko la Boqueria, kando ya barabara ya La Rambla, na huko mimi naye tulisema Kiswahili peke yake. Nilipomwonyesha zeituni alicheka sana, kwa maana Kihispania huziita aceitunas. Sukari nayo ni azúcar. Maneno hayo Wahispania waliyapata kwa Waarabu, waliotawala sehemu za nchi yao kutoka 711 hadi 1492, nasi tuliyapata kwa Waarabu hao hao kupitia bahari ya pwani yetu. Meza ni mesa na bendera ni bandera. Hayo tuliachiwa na Wareno, wale waliojenga Fort Jesus kuanzia 1593, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. (Kikatalani hakikutusaidia hapo: meza wao huiita taula.) Mtoto akawa mwindaji wa maneno. Kila jioni alitaka jingine.

Nyanya alipopiga simu tena, mtoto aliipokea mwenyewe.

"Nyanya, una meza?"

"Ninayo, mwanangu, na juu yake kuna mahamri. Njoo ule."

Kimya kidogo. "Mahamri ni nini?"

Jumamosi iliyofuata hatukwenda Boqueria. Tulipitia maduka ya Wapakistani mtaani Raval, tukitafuta iliki.