Daftari la Mhariri, Kisumu

Alhamisi, 2 Mei 2024

Ripoti ya mradi wa wavuvi imeingia usiku, kurasa sitini na kitu, Kiingereza kizito kama kawaida yao. Wanataka niisafishe kabla ya katikati ya mwezi. Nimesoma muhtasari tu na kupekua kurasa nyingine, na tayari neno moja limenikera: reliably, yaani kwa kutegemeka. Limo kwenye sentensi ya kwanza, limo chini ya majedwali, limo hata kwenye shukrani. "Fishers in Kisumu County are reliably warned of storms." Nani kahesabu?

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Mchana redio ikatangaza kuwa shule hazitafunguliwa Jumatatu, na huko pwani wanangoja kimbunga Hidaya. Nimejifungia na ripoti.

Kielezi hiki kina kazi zaidi ya moja, na mwandishi amezivuruga. Kikikaa mbele ya kitenzi kikuu, kinadai kwamba jambo limerudiwa mara nyingi bila kuangusha watu. "The ferry reliably leaves at eight": juzi iliondoka saa mbili, jana saa mbili, na ukipanga safari yako kwa saa hiyo hutaumbuka. Kwa hiyo ukurasa wa 9, unaposema kuwa siku moja ya Machi wavuvi "were reliably warned", hausimami. Siku ni moja, onyo ni moja. Walionywa au hawakuonywa, basi.

Kazi nyingine ni ya magazeti na majukwaa: reliably informed. Hapo hakuna habari ya kurudiwa kwa chochote. Anayesifiwa ni yule aliyepenyeza habari. Wanasiasa wetu wanaipenda mno. Mtu anashika maikrofoni mazishini, "I am reliably informed", na waombolezaji wote wanajua kinachofuata ni uvumi uliopigwa pasi. Gazetini ina uhalali wake, kumlinda msema siri. Kwenye ripoti ya mradi sioni anayelindwa. Aliyekuambia mtaje kwa cheo chake, au taja daftari alikosoma.

Jumapili, 5 Mei

Nimeteremka Dunga baada ya kanisa. Ziwa Victoria limepanda tena, njia ya kwenda kwenye mitumbwi imo majini na magugumaji yamesogea hadi kwenye vibanda. Mzee mmoja wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, alikuwa akishona wavu. Nikamuuliza kama meseji za hali ya hewa zinamfikia.

"Zinafika, mwalimu. Simu ikiwa na chaji."

"Na ukiwa ziwani?"

"Karibu na ufuo mtandao unashika. Ukishaenda mbali ni wewe na Mungu."

"Na zikifika, huwa za kweli?"

Akakata uzi kwa meno kabla ya kunijibu. "Wakisema upepo, siku nyingine hauji. Sikasiriki. Wakisema hakuna halafu uje, hapo tutakosana."

Kijana aliyekuwa akianika omena akadakia: "Mzee huyu anaangalia mawingu ya Nandi tu, meseji hasomi."

"Na wewe unaangalia nini, omera? TikTok?"

Kijana alikuwa anatania, ila mawingu ya Nandi si mzaha. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mawingu hujikusanya juu ya milima ya Nandi na Kericho. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu huteremka ziwani kutoka kila upande, ukakutana huko kati, hewa ikapanda, ngurumo zikaanza, saa zile zile wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Mwaka 2017 Wim Thiery, mtafiti wa Ubelgiji, na wenzake walionyesha kwamba dhoruba za alasiri barani, zikitazamwa kwa setelaiti, husaidia kubashiri za usiku ziwani. Mzee hana setelaiti, ana shingo.

Maneno yake yamenipa kisu cha kuipasulia sentensi ya kwanza. Meseji kufika ni jambo moja. Meseji kuwa ya kweli ni jambo jingine. Mvuvi kuipata kabla hajasukuma mtumbwi ni la tatu. "Reliably warned" imemeza yote matatu, na msomaji wa Nairobi hatajua ni lipi mradi umelipima.

Jumanne, 7 Mei

Nimechimbua makala ya zamani ya Sherman Kent, mchambuzi wa ujasusi wa Marekani. Mwaka 1951 ofisi yake iliandika kwamba uvamizi wa Yugoslavia ni "serious possibility". Ofisa mmoja akamuuliza: kiasi gani hasa? Kent alikuwa na 65 kwa 35 kichwani. Alipowauliza wenzake walioipitisha sentensi hiyo pamoja naye, mmoja alikuwa na 20 kwa 80, mwingine 80 kwa 20. Wote walikubaliana juu ya maneno. Aliyachapisha hayo mwaka 1964, na ningependa kila mwandishi wa ripoti ayasome kabla hajagusa kielezi chochote.

Watu wa hali ya hewa wamejitahidi kuliko sisi. Kwao, utabiri wa kutegemewa si ule usiokosea. Unakusanya siku zote walizosema mvua ni asilimia 70, unatazama kama ilinyesha siku saba katika kila kumi. Ikiwa ilinyesha zote kumi, basi utabiri una kasoro, kwa sababu walijua zaidi ya walivyosema. Msimu nao una maana: vuli, Oktoba hadi Desemba, hufuata joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, kwa hiyo hubashirika mapema kuliko masika haya yanayotulowesha. Ukurasa wa 22 unasema utabiri wa msimu "reliably predicts" mvua, bila kutaja ni msimu upi. Nimeandika pembeni: upi?

Utabiri mzuri pia hautoshi ukishafika mdomoni mwa mtu. Oktoba 2023 Rais Ruto alitangaza kuwa hakutakuwa na El Niño kama ilivyobashiriwa. Novemba mafuriko yalikuwa mlangoni.

Alhamisi, 9 Mei

Kazi ndogo ya pembeni, karatasi mbili kuhusu malaria. "The rapid test reliably detects malaria." Kile kipimo cha kudunga kidole kinatafuta protini iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa wiki jana anaweza kuonyesha mstari leo, hali amepona. Sikufuta kielezi. Nimekiongezea masharti: kwa mgonjwa ambaye hajatibiwa siku za karibuni.

Jumamosi, 11 Mei

Mratibu wa mradi amepiga simu. Ni mpole, ila hajafurahi.

"Mwalimu, umetutolea nguvu kwenye ripoti. Wafadhili wanapenda kuona hilo neno."

"Dada, wafadhili wakiuliza ushahidi utawapa upi?"

"Tunao."

"Nitumie, nami nitalirudisha kwa mikono miwili."

Tukabishana hasa juu ya vifo. Inakadiriwa kuwa watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka, na mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, uliwataja wafu hao kama sababu ya kuanzishwa kwake. Ripoti yetu imeandika "reliably estimated". Lakini anayezama usiku mbali na ufuo anaweza asiandikwe popote, na upana wenyewe wa makadirio, watu elfu mbili wazima, unalikana lile neno. Nimeacha "estimated" peke yake.

Mahali nilipoliacha bila ubishi ni kwenye kina cha ziwa. Kipimo chake kimesomwa tangu 1896, ndiyo maana tunaweza kusema maji yalipanda zaidi ya mita mbili baada ya mvua za 1961, na kwamba Mei 2020 yalivuka kidogo alama ya 1964. Hapo reliably measured imejilipia nauli.

(Karne ya 19 aliyekuwa akibishaniwa ni mzazi wa neno hili. Wakosoaji walidai reliable imeundwa vibaya, ni ya Wamarekani, haifai kuandikwa na mstaarabu. Fitzedward Hall aliandika kitabu kizima kuitetea, mwaka 1877. Kitabu kizima! Mimi nimeshindwa kupata ukurasa mmoja wa ushahidi.)

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa, barabara imejaa sare na matope.

Ushahidi umekuja, jedwali la mtambo wa meseji. Ni zuri kuliko nilivyotarajia: kila siku ya kipindi chote cha mradi ina saa ya kutumwa, na hakuna siku iliyorukwa. Ila mtambo unaandika kutuma tu. Nani alipokea, simu ya nani ilikuwa imezimwa, nani alikuwa kashafika mbali, haumo.

Nimeandika upya sentensi ya kwanza: "Storm warnings are reliably sent to registered fishers in Kisumu County; how many receive them before leaving shore was not measured." Mratibu amejibu kuwa nusu ya pili itawachoma wafadhili. Nimemwambia hiyo nusu ndiyo hoja ya kuomba fedha za awamu ijayo. Akanyamaza kidogo, kisha akataka tuihamishie pia kwenye ukurasa wa bajeti. Ankara nitaituma kesho.