Bahari Yanihusu Nini Mimi Mkulima?

Ndugu msomaji, mimi ni mkulima wa vitunguu hapa Lumuma. Toka kwetu hadi baharini ni mbali sana. Zamani nilidhani mambo ya bahari ni ya wavuvi tu. Sasa nimebadili mawazo.

Mwanangu ni mpishi katika hoteli moja ya pwani. Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Alinionyesha visiki vya minazi vilivyosimama ndani ya maji. Akasema, "Baba, hapa palikuwa pakavu. Wageni walikaa hapa kupunga upepo. Bahari imekula mchanga, wageni wamepungua, na wenzangu wameachishwa kazi." Kisha nikaingia jikoni, nikaona vitunguu vya kwetu Lumuma. Hapo nikaelewa. Mgeni asipokuja, mwanangu hana mshahara, na kitunguu changu hakina mnunuzi.

Kwa nini bahari inakula nchi? Dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, hasa wa nchi tajiri, na ukataji wa misitu. Barafu inayeyuka, na maji yakipata joto hutanuka. Ndiyo sababu bahari inapanda. Tena joto huua matumbawe, na matumbawe ndiyo ukuta unaovunja nguvu za mawimbi. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto mno. Matumbawe mengi yaligeuka meupe, yakafa.

Lakini joto halina kosa peke yake. Mchanga wa ufuko huletwa na mito. Huko Kunduchi, Dar es Salaam, watu walichimba mchanga vijitoni, na wavuvi wakavunja matumbawe kwa baruti. Bahari ikapata njia.

Nasi wa bara hatukusalimika. Unakumbuka mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010? Mto Mkondoa ulibomoa nyumba na reli. Dunia ikizidi joto, mvua kubwa kama zile nazo huzidi.

Je, tufanye nini? Moshi wa Ulaya hatuwezi kuuzima. Lakini maji yetu huingia Mkondoa, kisha Wami, kisha bahari huko Saadani. Tukilima hadi ukingoni mwa mto, udongo wetu huondoka na maji, na tope likizidi huua matumbawe. Tunapoteza mara mbili: shamba huku, ufuko kule.

Ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeacha kulima ukingoni, nimepanda miti. Wewe je?