Siku Aliyofiwa Zakir Husain

Ilikuwa siku ya matokeo katika shule ya watoto ya Jamia Millia Islamia, mjini Delhi. Watoto wamefaulu, wamepanga mstari, na mkuu wa chuo chote, Dk. Zakir Husain, amesimama mbele yao akiwagawia mithai kwa mkono wake mwenyewe. Tarishi akaja, akamnong'oneza sikioni kwamba Rehana, bintiye mdogo wa miaka kama mitatu, hali yake ni mbaya. Akaendelea kugawa. Baada ya kitambo tarishi akarudi na habari kwamba mtoto amefariki. Wasimulizi husema rangi ya uso ilimtoka, lakini mkono haukusita, na kila mtoto alipata chake. Watu walijua tu pale kengele ya shule ilipogongwa kutangaza msiba. Walipomuuliza baadaye mbona hakuondoka, alijibu kwamba watoto walikuwa na furaha kubwa, naye hakuona vyema kuwakatiza.

Mara ya kwanza nilipokisoma kisa hiki kilinikera. Nilikiweka pembeni kama mtu anavyosukuma sahani ya chakula asichokitaka. Baba gani huyu? Na mama wa mtoto, Shah Jahan Begum, aliyekuwa nyumbani na maiti ya mwanawe, nani alikuwa anamshika mkono wakati mumewe anahesabu mithai?

Nina sababu yangu ya kukereka. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Simu ilikuja saa nne kasoro, kabla ya mapumziko, na habari ilikuwa ya mdogo wangu, yule niliyemwachia ziwa. Sikumbuki nilichosema. Nakumbuka nilipiga yowe, chaki ikanitoka, nikaanguka chini mbele ya watoto arobaini na kitu. Wengine walikimbilia nje, wengine walilia kwa sababu mimi nalia. Msichana mmoja aliingia chini ya dawati akakaa humo mpaka mwalimu wa jirani alipokuja kumtoa. Hakuna aliyenilaumu, na mimi mwenyewe sikujilaumu. Nilikuwa nimefiwa.

Hilo neno nimelitafakari sana tangu siku ile. Siku hizi magazeti yetu yameshika mtindo wa kuandika kwamba tumempoteza fulani, kana kwamba marehemu ni funguo zilizoanguka mfukoni. Mimi napenda neno la wazee: kufiwa. Anayekufa ni mwingine, lakini kitenzi kinamwangukia aliyebaki. Na kikishamwangukia, kinampa haki zake. Aliyefiwa hukaa mkekani, hupikiwa, watu humfanyia kazi zake, haulizwi deni wala ahadi mpaka tanga lianuliwe. Dunia nzima inamruhusu aangushe alichoshika. Ndiyo maana mtu aliyefiwa akaendelea kushika sinia la mithai alinishinda kumwelewa.

Miaka ikapita, na nikarudi kumsoma. Safari hii nilianzia mwanzo.

Zakir Husain alizaliwa Hyderabad tarehe 8 Februari 1897, katika ukoo wa Kipashtuni uliokuwa na makazi yake Qaimganj, huko kaskazini. Baba yake, Fida Husain Khan, mwanasheria, alifariki mwaka 1907. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Familia ikarudi Qaimganj, naye akapelekwa shule Etawah. Mwaka 1911 tauni ilipoingia kwao ikamchukua mama yake, Naznin Begum. Kufikia miaka 14 Zakir alikuwa yatima wa pande zote mbili, mwanafunzi mwenye madaftari na ndugu zake wa kiume, basi.

Naona watu wengi wanaosimulia kisa cha mithai hawalitaji hili. Wanamweka mbele yetu mtu mzima aliyekamilika, mwenye subira kama mwamba. Mimi siku hizi nikikisoma namwona yule mvulana wa Etawah. Yeye alijua saa ya mtoto ikikatwa na habari ya kifo inakuwaje. Alijua kwamba mtoto hatasahau mahali alipokuwa amesimama, wala kilichokuwa mkononi mwake. Labda nakosea, maana moyo wa mtu ni kichaka. Lakini nikimfikiria msichana wangu wa chini ya dawati, ambaye kwa muda uliobaki wa mwaka ule kila simu yangu ilipolia alinitazama usoni kwanza kabla ya kuendelea kuandika, nadhani sikosei sana.

Maisha yake ya kazi nayo yalianza kwa kuacha kitu. Oktoba 1920 Gandhi na ndugu wawili, Shaukat Ali na Mohammad Ali, walifika Aligarh, chuoni kwa Zakir, kuwataka wanafunzi wavipe mgongo vyuo vinavyokula fedha za Mwingereza. Zakir alikuwa na miaka 23, njia yake ya cheo imenyooka mbele yake. Akaiacha. Tarehe 29 mwezi huohuo ikazaliwa Jamia Millia Islamia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mrefu hapa: jamia ni ndugu wa jamii yetu, na milli katoka ukoo mmoja na mila. Hata neno walilolitumia kwa elimu, talim, tunalo sisi kwenye taaluma na mwalimu. Kilikuwa chuo cha watu wenyewe, kisicho na ruzuku ya serikali, na kwa miaka mingi kisicho na fedha kabisa.

Mwaka 1922 alikwenda Berlin, akasomea uchumi chini ya Werner Sombart na kupata udaktari mwaka 1926. Akiwa huko, habari zilimfikia kwamba Jamia inakaribia kufungwa. Yeye na marafiki zake wawili, Mohammad Mujeeb na Abid Husain, wakaahidi kwamba wataitumikia isifungwe. Wakarudi. Mwaka 1926, akiwa na miaka 29, akawa mkuu wake. Mwishoni mwa 1927 akafariki Hakim Ajmal Khan, tabibu mkubwa wa Delhi aliyekuwa mlezi wa chuo na mfuko wake pia. Sasa chuo chenyewe kikawa kimefiwa.

Hapa ndipo walipofanya jambo ambalo kila nikilifikia nasimama. Mwaka 1928 kundi dogo la walimu liliweka kiapo: watatumikia Jamia kwa miaka 20, kwa mshahara usiozidi rupia 150 kwa mwezi. Zakir Husain alikuwa miongoni mwao, na kwa vitendo hata hicho kiwango mara nyingi hakikufikiwa. Mwenye udaktari wa Berlin angeweza kupata mara kadhaa ya hapo penginepo. Miaka 20! Sisi leo tunahesabu mkataba wa miaka miwili kuwa mrefu. Mwaka 1935 walipoweka jiwe la msingi la majengo mapya huko Okhla, nje ya Delhi ya wakati ule, hawakumwita mtawala wala tajiri. Jiwe liliwekwa na mwanafunzi mdogo kuliko wote shuleni.

Husimuliwa pia kwamba aliwahi kuwasihi wanafunzi waje na viatu safi, wasimsikie, basi asubuhi moja wakamkuta langoni amekaa na brashi na rangi, akiwang'arishia viatu mmoja mmoja. Huyu ndiye baadaye Gandhi alimkabidhi uenyekiti wa kamati iliyoandaa mpango wa elimu ya msingi wa Wardha, mwaka 1937: mtoto ajifunze kwa mikono, kusokota na kulima viwe ndani ya somo. Sisi tuliokulia katika shamba la shule na Elimu ya Kujitegemea, wazo hili tunalijua harufu yake.

Yeye hakuwa peke yake katika kutoa. Gerda Philipsborn, Mjerumani wa Kiyahudi aliyefahamiana nao Berlin, aliwafuata India mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawalea watoto wadogo wa Jamia, wakamwita dada. Vita vilipokuja Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya uraia wake. Alifariki mwaka 1943 akazikwa katika makaburi ya Jamia. Mwanamke aliyekuwa na kwao pa kurudi, kisha kwao pakageuka pa kuua watu wake, amelala kwenye udongo wa shule ya Waislamu Delhi. Sijui kaburi linalosema mengi kuliko hilo.

Kisha msiba mkubwa ukaja, ule wa nchi nzima. Novemba 1946 Jamia iliadhimisha miaka 25. Zakir Husain aliweza jambo gumu mwaka ule: aliwakalisha jukwaa moja Nehru na Azad wa chama cha Congress, na wapinzani wao wa Muslim League, Jinnah na Liaquat Ali Khan. Wakati huo India ilikuwa tayari inachinjana. Aliwasihi viongozi wale wauzime moto wa chuki, akiwaeleza kama mwalimu kwamba watoto hawawezi kulelewa katika nyumba inayoungua. Walimsikiliza, wakaondoka. Miezi tisa baadaye nchi ikapasuka vipande viwili, India na Pakistan. Duka la vitabu la Jamia huko Karol Bagh lilichomwa moto. Yeye mwenyewe, akisafiri kwa treni kwenda Kashmir mwaka 1947, alikamatwa na wauaji katika stesheni ya Jalandhar, akaokolewa na kapteni wa jeshi Singasinga na mfanyakazi wa reli Mhindu. Aliyoyapitia pale hakuyafanya hotuba ya kulipiza. Alirudi kwa watoto wake.

Mwaka 1948 kiapo cha miaka 20 kikatimia, na ndipo alipoondoka Jamia. Alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Aligarh, ambacho wengi wa walimu na wanafunzi wake walikuwa wamehamia Pakistan, na waliobaki wakitazamwa kwa jicho la shaka. Akakishika mpaka 1956. Vyeo vilivyofuata, ugavana wa Bihar, umakamu wa rais mwaka 1962, na urais wa India tarehe 13 Mei 1967, wengine wataviandika kwa kirefu kuliko mimi. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo. Ikulu alijulikana kwa mawaridi yake. Bustani kubwa ya mawaridi ya Chandigarh ina jina lake.

Lakini mimi bado nina swali langu la mwanzo, la baba na sinia la mithai. Jibu nililipata katika mambo mawili madogo.

La kwanza ni maneno yanayosimuliwa kutoka kwa mkewe. Mchana Zakir Husain alizungumza na watu kama kawaida, akapokea wageni, akafanya kazi. Asubuhi, kwa siku nyingi baada ya Rehana kufariki, mto aliolalia ulikutwa umelowa.

La pili ni hadithi. Zakir Husain aliwaandikia watoto hadithi kwa Kiurdu. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya mzee Abbu Khan na mbuzi wake Chandni, aliyekata kamba akapanda mlimani kwa kutaka uhuru, akapigana na mbwamwitu usiku kucha, akafa alfajiri. Ndege wakabishana nani ameshinda, na ndege mmoja mzee akasema kashinda Chandni. Hadithi zake za watoto alizitoa gazetini bila kuandika jina lake. Jina aliloliweka juu yake lilikuwa Ruqayya Rehana.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemshtaki kwamba hakumlilia mwanawe. Kumbe kila alipowapa watoto wa watu hadithi, alimpeleka Rehana akaigawe. Mtoto wa miaka mitatu asiyejua kusoma akawa mwandishi, na watoto wengi wa India wakamjua kabla ya kumjua baba yake.

Sisemi kwamba alifanya sawa kutokwenda nyumbani saa ile. Bado namfikiria mama mtu, na sidhani nitaacha kumfikiria. Wala sioni aibu ya yowe langu. Ila ningependa, kama saa ile ingerudi, niwaambie watoto wangu watoke wakacheze kwanza, nifunge mlango, ndipo nianguke.

Zakir Husain alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo asubuhi ya tarehe 3 Mei 1969, akiwa Ikulu, siku kumi kabla ya kutimiza miaka miwili ya urais. Alikuwa rais wa kwanza wa India kufia madarakani. Alirudishwa Okhla, akazikwa ndani ya Jamia, mahali wanapopita wanafunzi kila siku. Baadaye mkewe alizikwa ubavuni pake.

Ndugu msomaji, ukibahatika kufika Delhi, pita hapo. Uwaombee wote wawili, na umtaje na Rehana.